Ajali za Umeme Mahali pa Ujenzi na Haki za Mfanyakazi Aliyeumia

Kilangali ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro. Watu wa mbali huijua zaidi kwa mpunga na kwa shamba la mbegu lililo chini ya Wakala wa Mbegu za Kilimo. Lakini kama ilivyo katika kata nyingi za nchi yetu, mandhari yake yanazidi kubadilika. Nyumba za udongo na nyasi zinatoa nafasi kwa nyumba za matofali na mabati. Madarasa, zahanati na maghala hujengwa. Nguzo za umeme nazo zimeenea vijijini tangu Wakala wa Nishati Vijijini ulipoanza kazi mwaka 2007. Kusini ya Mikumi liko bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1975. Kilosa mjini hupita reli ya kisasa, ambayo treni zake huendeshwa kwa umeme wa volti 25,000.

Ujenzi na umeme yote mawili ni maendeleo. Yanapokutana bila uangalifu, huua. Fundi huinua nondo chini ya waya. Kibarua hushika mashine ya kuchanganyia zege akiwa amesimama matopeni. Waya uliochubuka hufunikwa kwa mfuko wa saruji ili kazi isisimame.

Makala haya yana shabaha mbili. Ya kwanza ni kueleza, kwa fizikia ya shule ya sekondari, jinsi umeme unavyomdhuru mtu mahali pa ujenzi. Ya pili ni kueleza njia ambazo sheria ya Tanzania Bara inampa mfanyakazi aliyeumia. Mambo hayo mawili hayakuwekwa pamoja kwa bahati tu. Ajali ya umeme humalizika kwa muda usiofika hata sekunde moja, lakini ushahidi wake hutakiwa miezi mingi baadaye. Anayeelewa jinsi ajali ilivyotokea ndiye anayejua ni kitu gani cha kutazama, kuandika na kuhifadhi kabla hakijaondolewa.

1. Kinachoua ni mkondo

Watu husema, "Volti nyingi ndizo zinazoua." Usemi huo una ukweli nusu. Volti ni msukumo tu. Kinachoudhuru mwili ni mkondo unaopita ndani yake. Uhusiano wa mambo hayo hupatikana katika kanuni ya Ohm:

Mkondo (ampea) = Volti ÷ Ukinzani (ohm)

Ngozi kavu, ngumu na isiyo na jeraha inaweza kuwa na ukinzani wa makumi ya maelfu ya ohm. Ngozi hiyo hiyo ikilowa kwa jasho, maji au zege bichi, ukinzani wa mwili mzima kutoka mkononi hadi mguuni unaweza kushuka hadi kama ohm 1,000. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Kwa hiyo:

230 ÷ 1,000 = ampea 0.23, yaani miliampea 230

Ili kuelewa uzito wa tarakimu hiyo, tazama viwango vifuatavyo vya mkondo wa umeme geu wa mizunguko 50 kwa sekunde, ambao ndio utumikao nchini. Ni viwango vya kukadiria, maana watu hutofautiana:

Miliampea 1: mtu huanza kuhisi mwasho.
Miliampea 10 hadi 16: misuli ya mkono hukaza na mtu hushindwa kuachia alichokishika.
Miliampea 20 hadi 30: misuli ya kifua hukaza na kupumua huwa taabu.
Miliampea 50 na zaidi: moyo unaweza kuacha kupiga kwa utaratibu, ukabaki kutetemeka ovyo bila kusukuma damu. Hatari hiyo huongezeka kadiri mkondo unavyozidi na kadiri unavyokawia kupita.

Basi miliampea 230 zinaweza kumwua mtu mzima mwenye afya njema. Zingatia pia kiwango cha pili: anayeshika waya wenye umeme mara nyingi hanati kwa sababu umeme "unamvuta". Misuli yake mwenyewe ndiyo inayofumba mkono.

2. Kwa nini fyuzi haimwokoi mtu

Mafundi wengi huamini kwamba nyumba yenye fyuzi au swichi ya kujikata ni salama. Hesabu inaonyesha vingine. Swichi ya ampea 15 imewekwa ili kuulinda waya usiungue. Haitakata mpaka mkondo upite ampea 15. Mkondo tuliokadiria kumwua mtu ni ampea 0.23. Swichi hiyo huuona mkondo huo kama mzigo mdogo tu, mithili ya taa ya wati 50, na huuacha upite.

Kinga ya mtu ni ya namna mbili. Kwanza ni waya wa ardhi, unaounganisha gamba la chuma la mashine na ardhi. Waya wenye umeme ukigusa gamba, mkondo mkubwa hukimbilia ardhini na swichi hukata. Pili ni swichi ya mvujo, inayolinganisha mkondo unaokwenda na unaorudi. Ikiona tofauti ya miliampea 30, maana yake umeme unavuja mahali fulani, pengine mwilini mwa mtu. Hapo hukata kwa muda usiozidi sehemu tatu za kumi za sekunde.

Mahali pengi pa ujenzi kinga zote mbili hazipo. Plagi yenye miguu mitatu hukatwa, ncha za waya zikachomekwa moja kwa moja ndani ya soketi na kubanwa kwa kijiti. Waya wa ardhi huachwa ukining'inia, kwa kuwa mashine "inafanya kazi hata bila huo". Ni kweli inafanya kazi. Tofauti itaonekana siku waya wa ndani utakapochubuka.

3. Hatari za mahali pa ujenzi

Hatari ya kwanza ni nyaya zipitazo juu. Laini nyingi zinazosambaza umeme vijijini ni za volti 33,000. Volti hizo hupimwa baina ya waya na waya. Baina ya waya mmoja na ardhi ni 33,000 zikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha 3, yaani kama 19,000. Nyaya hizo hazikufunikwa kwa mpira. Nondo ya kawaida dukani ina urefu wa meta 12. Ikisimamishwa wima hupita kimo cha nyaya nyingi za vijijini. Ngazi ya chuma, bati refu na bomba ni vivyo hivyo. Hata mti mbichi au mwanzi uliolowa mvua hupitisha umeme. Tena kwa volti za namna hiyo si lazima waya uguswe. Umeme huweza kuruka nafasi ndogo ya hewa kama cheche.

Tuchukue mfano wa kujifunzia. Kibarua, tutakayemwita J, anasaidia kujenga ghala wakati wa masika. Nondo aliyoishika inagusa waya wa laini ya volti 33,000. Ukinzani wa mwili wake ni ohm 1,000, na wa ardhi chini ya miguu yake ni ohm 9,000. Mkondo utakuwa:

19,000 ÷ (1,000 + 9,000) = ampea 1.9

Joto linalozalishwa mwilini kila sekunde ni mkondo kipeo cha pili mara ukinzani: 1.9 × 1.9 × 1,000 = wati 3,610. Hilo ni zaidi ya joto la birika la umeme, na linapita katika nyama, mishipa na neva. Ndiyo maana majeruhi wa umeme mkubwa anaweza kuonekana na vidonda viwili vidogo tu, kimoja kiganjani na kingine unyayoni, ilhali ndani ya mkono misuli imeungua kiasi cha kulazimu ukatwe.

Hatari ya pili ni vifaa vya umeme katika majimaji: mashine ya kuchanganyia zege, vaibreta, grainda, na nyaya za kurefusha umeme zinazolazwa chini na kukanyagwa na mikokoteni.

Hatari ya tatu ni waya ulioanguka. Umeme uingiapo ardhini husambaa pande zote, na volti hupungua kadiri mtu anavyokuwa mbali. Anayepiga hatua ndefu kuelekea waya huo huwa na mguu mmoja penye volti nyingi na mwingine penye volti chache. Tofauti hiyo hupitisha mkondo miguuni mwake. Aliyejikuta karibu na waya aondoke kwa hatua fupi za kuburuza nyayo, miguu ikigusana. Wala asidhani kuwa waya ulioanguka umekufa. Ampea 1.9 za mfano wetu ni chache mno kwa mitambo ya laini, ambayo huenda isitambue kuwa pana hitilafu.

4. Dakika za kwanza

Usimguse aliyenaswa. Zima umeme kwanza. Ikiwa ni umeme wa volti 230 na swichi haifikiki, msukume majeruhi kwa ubao mkavu huku ukisimama juu ya kitu kikavu. Ikiwa ni laini kubwa, hapana ubao unaofaa. Kaa mbali na uwapigie TANESCO wakate umeme.

Akishatenganishwa na umeme, tazama kama anapumua. Kama hapumui, anza mara moja kukandamiza katikati ya kifua chake kwa kina cha sentimeta 5 hivi, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Aliyefunzwa ampulizie pumzi 2 baada ya kila mikandamizo 30. Usimfukie mchanga wala kumpaka udongo. Desturi hizo hupoteza dakika ambazo moyo ungeweza kurudishwa. Sehemu zilizoungua zipozwe kwa maji safi.

Hata akiinuka na kusema hana neno, apelekwe hospitali, iwe ya wilaya iliyoko Kilosa au ya Mtakatifu Kizito iliyoko Mikumi. Mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika baadaye, na mkojo wa rangi nyeusi ni dalili kwamba misuli iliyoungua inaziba figo. Karatasi ya hospitali ya siku hiyo hiyo ni muhimu pia kwa jambo la pili la makala haya.

5. Sheria ilikotoka

Zamani katika Ulaya mfanyakazi aliyeumia kiwandani alipaswa kumshtaki bwana wake na kuthibitisha kwamba bwana huyo alikuwa mzembe. Mara nyingi alishindwa. Aliambiwa kuwa alikubali hatari alipokubali kazi, au kuwa mwenzake ndiye aliyekosa, au kuwa yeye mwenyewe hakujihadhari. Ujerumani iliweka bima ya ajali za kazini mwaka 1884, na Uingereza ikapitisha sheria ya fidia mwaka 1897. Msingi wa sheria hizo ulikuwa mpya: ajali ikitokea kazini, fidia hulipwa bila kwanza kutafuta nani mkosaji.

Tanganyika ilirithi msingi huo katika sheria ya wakati wa ukoloni. Ila viwango vyake havikufuata thamani ya fedha. Miaka ikapita, na kikomo cha fidia ya ulemavu wa kudumu kikabaki shilingi 108,000. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 ilibadili mambo. Iliunda Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ujulikanao kama WCF, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri huuchangia, mfanyakazi hakatwi hata senti moja katika mshahara wake.

6. Je, kibarua ni mfanyakazi?

Hili ndilo swali linalowapotezea haki watu wengi. J hana mkataba wa maandishi. Aliitwa na fundi mkuu, akalipwa kwa siku. Akiumia, huambiwa: "Wewe si mfanyakazi wetu."

Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 haikuliacha jambo hilo mikononi mwa mwajiri. Inataja dalili kadhaa, na ikiwapo hata moja, mtu huhesabiwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vingine. Miongoni mwake ni hizi: kwamba namna au saa zake za kazi huongozwa na mwingine, kwamba amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kwamba anamtegemea kwa riziki, kwamba hupewa zana za kazi, au kwamba humfanyia kazi mtu mmoja tu. Ikiwa J alipangiwa saa ya kuingia na kutoka, na koleo alilotumia si lake, ana pa kuanzia.

7. Njia alizo nazo aliyeumia

Njia ya kwanza ni Mfuko. Mfanyakazi, au ndugu yake, humwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo. Mwajiri naye hutakiwa kupeleka taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7. Dai lisikawie zaidi ya miezi 12 tangu ajali. Mafao ni pamoja na matibabu, fidia ya ulemavu wa muda, fidia ya ulemavu wa kudumu, utengemao, malipo ya anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, msaada wa mazishi, na pensheni kwa wategemezi wa marehemu. Aliye katika ulemavu wa muda hulipwa asilimia 70 ya mapato yake, kwa muda usiozidi miezi 24. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Ukizidi hapo, hulipwa pensheni ya kila mwezi.

Kama J alipata shilingi 12,000 kwa siku kwa siku 25 za mwezi, mapato yake ni shilingi 300,000, na asilimia 70 yake ni shilingi 210,000. Hesabu ni nyepesi; lililo zito ni kuthibitisha zile shilingi 12,000. Daftari la malipo, ujumbe wa simu wa kutumiwa fedha, au ushahidi wa vibarua wenzake huweza kufaa. Mwajiri ambaye hakujiandikisha katika Mfuko amevunja sheria, na kosa hilo ni lake, si la mfanyakazi.

Njia ya pili ni mahakama. Ikiwa ajali ilitokana na uzembe wa mtu mwingine asiye mwajiri, kwa mfano kampuni nyingine iliyoacha nyaya wazi mahali pale, huyo anaweza kudaiwa kwa madhara aliyosababisha. Tofauti na Mfuko, mahakama huuliza nani alikuwa na wajibu wa kujihadhari na kama aliuvunja. Madai ya namna hii yana kikomo cha miaka 3. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawawezesha wasio na uwezo kusaidiwa, na wasaidizi wa kisheria wapo hata nje ya miji mikubwa.

Njia ya tatu ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hutumika pale mfanyakazi anapoachishwa kazi isivyo haki, mathalani kwa sababu ameumia au amedai haki yake. Shauri la kuachishwa hupelekwa ndani ya siku 30, na mashauri mengine ndani ya siku 60. Kulala kitandani kwa miezi miwili pasipo kumtuma mtu kunaweza kuifunga njia hii.

Njia ya nne haileti fedha, lakini huokoa wanaobaki. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, yaani OSHA, husimamia Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Wakaguzi wake wana mamlaka ya kuingia mahali pa kazi, kuchunguza na kuamuru kasoro ziondolewe.

8. Kumbukumbu ya ajali

Njia zote hizi huanzia mahali pamoja: kilichoandikwa mapema. Siku ya pili nondo huondolewa, waya hufungwa upya, na vibarua hutawanyika kwenda mashambani. Hivyo wanaobaki na fahamu zao waandike siku na saa. Majina ya walioshuhudia. Kazi aliyokuwa akifanya majeruhi na nani alimwagiza. Hali ya ardhi, kavu au tope. Urefu wa nondo na kimo cha waya. Kama mashine ilikuwa na waya wa ardhi. Na kama swichi ilikata au haikukata. Picha ya simu hufaa sana. Bango la mradi lisomwe na kunakiliwa, kwa kuwa hutaja mwenye mradi na mkandarasi. Polisi wapewe taarifa na fomu ya PF3 ichukuliwe, ingawa matibabu ya dharura yasingoje fomu.

Hapo ndipo fizikia inapokuwa ushahidi. Anayesema, "Alipigwa na shoti," hajaeleza jambo. Anayesema, "Nondo ya meta 12 iligusa waya, ardhi ilikuwa tope, hakuwa na viatu vya mpira, na hakuna aliyeomba laini izimwe," ameeleza njia ya mkondo na wajibu uliovunjwa. Na mwanafunzi wa kidato cha tatu anaweza kuyaandika hayo kwa ajili ya baba yake au jirani yake ambaye mkono wake hauwezi tena kushika kalamu.

Maswali ya kujipima

1. Fundi mwenye ukinzani wa ohm 2,000 anashika waya wa volti 230. Tafuta mkondo. Je, ataweza kuachia waya?
2. Eleza kwa nini swichi ya ampea 15 haikati katika swali la kwanza, ilhali swichi ya mvujo ya miliampea 30 hukata.
3. Chora mchoro wa ajali ya J, ukionyesha njia ya mkondo kutoka kwenye waya hadi ardhini. Ni katika sehemu gani za njia hiyo ajali ingeweza kuzuiwa?
4. Kibarua analipwa shilingi 15,000 kwa siku kwa siku 24 za mwezi. Kadiria fidia yake ya mwezi akiwa katika ulemavu wa muda.
5. Kwa kikundi: tembeleeni mahali pa ujenzi karibu na shule mkiwa na mwalimu na kwa ruhusa ya msimamizi. Bila kugusa kitu, andikeni hatari za umeme mlizoziona, kisha mkabidhini msimamizi nakala.